Mtungi wa Pili

Mwaka 2009 baba mdogo aliuza ng'ombe wawili. Wa kwanza alimuuza mwezi wa tatu, na fedha yake ikaishia kwenye nauli, chakula cha wageni na kitu walichokiita kibali. Wa pili alimuuza mwezi wa tano, mvua za Tukuyu zikiwa hazijakata, kwa ajili ya mtungi wa hewa.

Nilikuwa darasa la tano, na siku wageni walipozama niliruhusiwa kwenda kuangalia. Tulikaa kwenye mteremko karibu na jengo la mahakama ya Masoko, mahali ambapo unaliona ziwa lote kwa mara moja, duara kama sufuria iliyofukiwa ardhini. Wageni walikuwa wawili. Walikuja na mtungi mmoja wa chuma uliobanduka rangi, miwani ya maji, na viatu vya mpira vyenye mapezi vilivyotuchekesha sana watoto. Mmoja akauvaa mtungi mgongoni, akaingia majini. Mapovu yakawa yanatokea na kusogea, nasi tukayafuata kwa macho kama watu wanaotazama mpira. Baada ya muda akaibuka, akatema mate pembeni, akawaambia wazee kuwa amekiona chuma. Ila hajakigusa. Mtungi mmoja, alisema, haufiki chini. Inatakiwa miwili.

Wazee wakachanga. Baba mdogo alitoa kuliko wote. Wageni wakaondoka kwenda Dar es Salaam kununua mtungi wa pili, na ule wa kwanza wakauacha nyumbani kwetu kama rehani. Upo mpaka leo. Mama mdogo anauegemeza kwenye mlango wa banda la kuku ili usifunguliwe na upepo.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na katikati ya shahada ya kwanza na hii nilijifunza, kwa njia nitakayoieleza, kuzama na mitungi. (Kwetu ukisema mzamiaji, mtu anafikiria kijana aliyejificha melini kwenda Durban, kwa hiyo nyumbani ilinibidi kueleza mara mbili.) Baba mdogo hajawahi kuniuliza lolote kuhusu utafiti wangu wa darasani. Swali lake kwangu limekuwa moja tu, na ameniuliza kila likizo: je, mtungi mmoja ungefika?

Ziwa lenyewe liko kama kilomita 15 kusini mashariki mwa mji wa Tukuyu. Wengine huliita Kisiba, wengine Masoko. Ni kreta, shimo lililobaki baada ya volkano kulipuka, moja kati ya maziwa kadhaa ya namna hiyo yaliyotawanyika kuuzunguka mlima Rungwe. Upana wake ni kama mita 700. Mtoto mwenye mbio analizunguka na kurudi kabla chai haijapoa, akiruhusiwa.

Tukuyu ya Wajerumani iliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa na wakaihama. Askari wao, Kampani ya Tano ya jeshi la ulinzi la koloni, waliwekwa Masoko, na jengo la mawe ambalo leo watu wetu huenda kushtakiana mipaka ya migomba ni la enzi hizo. Septemba 1914 jeshi lao lilivuka mto Songwe kwenda kupigana Karonga na likarudishwa. Mei 1916 ikawa zamu yao kuvamiwa: majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kufikia mwisho wa mwezi ule Neu-Langenburg ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wajerumani waliondoka kwa haraka. Hapo katikati, kati ya haraka ya mmoja na kuingia kwa mwingine, ndipo hadithi inapokaa: inasemekana kabla ya kuondoka walitumbukiza ziwani fedha, silaha, dhahabu, na kwa wasimuliaji wengine hata magari.

Nimefundishwa kuuliza nani alisema, lini, na alikuwa amesimama wapi. Silaha naweza kuziamini, kwani jeshi linalokimbia haliachi bunduki zake ziokotwe. Magari yananipa shida. Dhahabu inanipa shida zaidi, hasa inapoelezwa kuwa ni zile sarafu zenye picha ya tembo. Sarafu hizo ni za kweli. Zilipigwa Tabora mwaka 1916, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati koloni limezingirwa na fedha haziingii tena kutoka Ulaya. Zilikuwa kama 16,000 tu kwa jumla. Lakini kazi hiyo ilifanyika kati ya Aprili na Julai mwaka ule, na Masoko ilikuwa imeshapotea mwezi Mei. Ili tembo wa Tabora awe kwenye tope la Kisiba, ingebidi asafiri kuelekea kwenye uwanja wa vita wakati kila mtu mwingine alikuwa anaukimbia. Nilimweleza baba mdogo hivyo nikiwa mwaka wa tatu chuoni, kwa fahari ya mtu aliyetoka kusoma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na kipunji?"

Alikuwa amenishika pabaya. Wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja kipunji, nyani wa msitu wa Rungwe, na wageni waliosikia walidhani ni kiumbe cha ngano. Mwaka 2003 watafiti wakamwona kwa macho kwenye miteremko ya mlima huohuo, na mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia kuwa ni jamii ambayo sayansi haikuwa ikiijua. Tangu hapo ukimwambia mzee wa Rungwe kuwa jambo halipo kwa sababu halijaandikwa, jiandae.

Basi nikaliacha suala la dhahabu nikabaki na suala la mtungi.

Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba historia ya mtungi wa kuzamia ilianza na mmoja, kisha watu wakapata tamaa wakaongeza. Kumbe ilianza na mitatu. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani, ofisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau alikuwa akitafuta namna ya kupumua chini ya maji bila bomba la kumfunga na meli. Alielekezwa kwa Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya gesi. Petroli ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, na Gagnan alikuwa ametengeneza koki ya kupimia gesi ili magari yaende kwa gesi badala ya mafuta. Wakaigeuza koki ile impimie mtu hewa: ukivuta inatoa, ukiacha inafunga, na inatoa kwa mgandamizo uleule wa maji yaliyokuzunguka. Mitungi ya seti ya kwanza ilikuwa ya wastani, mitatu, imefungwa pamoja mgongoni.

Sababu ya kutaka mingi ni hesabu rahisi ambayo hata yule mgeni wa 2009 aliijua. Juu ya maji, baharini, mwili unabeba mgandamizo wa hewa wa bar moja. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza moja nyingine. Ukiwa mita 10, pumzi moja inabeba hewa ya pumzi mbili. Ukiwa mita 30, ya pumzi nne. Mtungi ambao ungekukalisha saa mbili umelala kitandani unaisha kwa nusu saa huko chini, na hapo hujaogopa. Ukiogopa unapumua kama mbwa aliyekimbizwa.

Baada ya vita mchezo ulipowafikia watu wa kawaida, mitungi ilipungua ikawa mmoja. Mtalii anayetaka kuona matumbawe mita 12 hahitaji zaidi, na mashua ina nafasi yake. Kwa miaka mingi mtungi huo mmoja haukuwa hata na kipimo cha kuonyesha hewa iliyobaki. Ulikuwa na koki ya akiba: hewa ikianza kuwa nzito kuvuta, unashusha kijiti ubavuni nayo inakupa kiasi kidogo cha kupandia. Taabu ni kwamba kijiti kikigongwa kikashuka bila wewe kujua, ile akiba unakuwa umeshaivuta, na siku unapoitafuta hakuna.

Mitungi miwili ilikuwepo, lakini mitungi ya pacha ya miaka ile ilikuwa na kasoro ambayo ilinichukua muda kuielewa. Iliunganishwa kwa bomba, na bomba lilikuwa na tundu moja la kutolea. Mitungi miwili, mdomo mmoja. Kifaa cha kupumulia kikiharibika, una hewa mara mbili na huwezi kuigusa.

Waliolitatua hili hawakuwa watu wa bahari. Walikuwa watu wa mapango. Florida na Bahamas kuna mapango marefu yaliyojaa maji, na mtu aliye mita 300 ndani ya pango hawezi kupanda juu hata kama kina chake ni kidogo, kwa kuwa juu yake ni mwamba. Lazima arudi alikopita. George Benjamin, mpiga mbizi kutoka Toronto aliyechunguza mashimo ya bluu ya kisiwa cha Andros, alikuwa na mchango mkubwa katika kuleta bomba lenye matundu mawili: mitungi yote miwili inalisha vifaa viwili vya kupumulia, na kimoja kikiharibika unafunga koki yake, unahamia cha pili, na hewa yote bado ni yako. Baadaye ikaongezwa koki ya katikati ya kutenganisha mtungi na mtungi, ili bomba lenyewe likivuja usipoteze vyote.

Kisha akaja Sheck Exley. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari huko Florida, na alifanya kazi ambayo kwangu ni ya mwanahistoria hasa: alikusanya taarifa za waliokufa mapangoni, akazipanga, akauliza kila mmoja alikosea nini. Kitabu chake kidogo cha mwaka 1979 kilionyesha makosa yaleyale yakijirudia. Hawakuwa na kamba ya kurudia. Walikwenda kina kikubwa mno. Na hawakubakiza hewa ya kutosha kutokea. Sheria aliyoisisitiza ni ya theluthi: theluthi moja ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya tatu huigusi, ni ya mwenzako siku yake ikiharibika. Exley mwenyewe alifia kwenye shimo la Zacatón, Mexico, mwaka 1994, akitafuta kina.

Nilipoyasoma haya nilikuwa Unguja. Baada ya shahada ya kwanza ajira haikuonekana, nikapata kazi ya mapokezi kwenye kituo kimoja cha kuzamia kaskazini ya kisiwa. Binti wa Kinyakyusa, nimejua kuogelea nikiwa na miaka 22, ninajibu barua pepe za Wataliano. Wafanyakazi tulifundishwa bure majira ya watalii wachache. Mtungi mmoja niliuzoea kwa mwezi. Ndipo nikaona mitungi ya pacha imesimama pembeni ya kompresa, nikamkumbuka yule mtu akiibuka Kisiba na mate yake, nikamwambia mwalimu wangu nataka ile.

Mwalimu alikuwa Mpemba mmoja mpole, mwenye sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akaniuliza ninataka kwenda wapi na mitungi miwili. Nikasema sina pa kwenda. Akacheka, akasema hilo ndilo jibu la kwanza zuri alilolisikia mwaka ule.

Mitungi miwili ya chuma ya lita 12, bamba lake na vifaa vyake, ni karibu kilo 40. Hewa yenyewe ina uzito, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria: mtungi mmoja uliojaa unabeba karibu kilo tatu za hewa tupu. Mara ya kwanza nilisimama, nikakaa tena. Mara ya pili nilipinduka chali kwenye mchanga kama kasa na watoto wa kijiji wakafurahi sana, nami nikakumbuka jinsi tulivyocheka mapezi ya wale wageni.

Majini uzito unaisha na shida nyingine inaanza. Koki ziko nyuma ya kichwa. Zoezi la kwanza ni kufunga koki ya kulia huku ukipumua kupitia kifaa chake, kusubiri hewa ikate, kuhamia kifaa cha kushoto, kuifungua ya kulia tena, kisha kurudia upande wa pili. Huoni unachokishika. Mabega yanauma. Tulikuwa mita sita tu, naona jua, naona tumbo la mashua. Nikafunga ya kulia, nikahama vizuri. Halafu, badala ya kuifungua ya kulia, mkono ukaenda kushoto nikafunga ile niliyokuwa ninaipumulia. Pumzi ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja nusu. Ya tatu haikuja.

Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka mkono wa Mpemba ukinishika mkanda wa begani kunizuia nisipande, na mwingine ukipita nyuma ya sikio langu. Hewa ikarudi kwa sauti. Tulipokuwa mashuani hakunifokea. Alisema, "Hewa ulikuwa nayo, lita elfu nne na mia nane. Njia ndiyo hukuwa nayo." Akanifanya nizame tena alasiri ileile.

Kijijini hapo kulikuwa na kaka mmoja anayetembea kwa fimbo. Ujana wake alizamia majongoo bahari kwa ajili ya mnunuzi aliyempa mitungi. Mtungi ukiisha anapanda, anavishwa mwingine, anashuka tena, asubuhi mpaka mchana. Hakuna aliyemwambia kuhusu naitrojeni: kwamba kadiri unavyokaa chini ndivyo mwili unavyoinywa, na ukipanda haraka inatoka damuni kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Siku moja alipanda akalala mashuani, alipoamka miguu haikuwa yake. Yeye aliniambia neno lililonifaa kuliko kitabu: mtungi wa kwanza hauna madhara sana maana unakufukuza wenyewe. Wa pili ndio unaokuambia kaa.

Ndivyo mabadiliko haya ya mitungi yanavyoeleweka vibaya, hata na wanaozama. Watu wanaona mitungi miwili wanafikiri kina, kumbe mtungi mmoja mdogo unakushusha mahali usipoweza kutoka. Mtungi wa pili, kwa waliouanzisha, ulikuwa ni wa kurudi. Na dari si lazima iwe mwamba. Ukikaa chini vya kutosha mwili unajijengea dari ya naitrojeni: huruhusiwi kupanda moja kwa moja, lazima usimame mita sita, mita tatu, ungoje. Kwa kungoja huko unahitaji hewa.

Sasa turudi Masoko.

Likizo iliyofuata niliutoa mtungi kwenye mlango wa banda la kuku, nikausugua shingo kwa brashi ya nguo. Mtungi ni hati. Shingoni umechongwa ujazo wake, mgandamizo wake na tarehe za kupimwa. Ule wa baba mdogo ni wa lita 10, bar 150, na mara ya mwisho kupimwa ilikuwa 1984. Yaani walipouleta, ulikuwa na miaka 25 bila kupimwa. Hewa yake ukijaa ni lita 1,500.

Ziwa lina kina cha mita 36 hadi 39 kutegemea nani alipima na lini. Uso wake uko kama mita 840 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, na maji yake si ya chumvi. Ukikokotoa, chini kabisa mtu anabeba karibu bar nne na nusu. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia karibu 90 kule. Lita 1,500 ni dakika 16 au 17 mpaka mtungi uwe mkavu. Kushuka mita 36 ni dakika mbili, tatu. Kupanda polepole ni nne au tano. Ungefika, na kwa mtu asiyezubaa ungemrudisha. Kwa sheria ya Exley ungempa dakika tano na nusu za kwendea, kushuka kukiwa ndani yake. Kwa pacha ya Mpemba zingekuwa 18.

Lakini zile 18 zina bei. Baharini, jedwali za burudani hazikupi hata dakika 15 kwenye mita 35 bila kusimama njiani. Kwenye maji yaliyo juu kama ya Masoko zinapungua, kwa sababu unapoibuka unaibukia kwenye hewa nyepesi, na mapovu hupenda tofauti kubwa. Halafu hushuki kwenda nyumbani, unapanda. Tukuyu iko juu ya Masoko kwa mamia ya mita, na ukielekea Mbeya barabara inapita mita 2,000 maeneo ya Isyonje kabla ya kushuka Uyole. Mtu aliyekaa vizuri chini ya Kisiba akadandia Coaster jioni anaweza kupata ugonjwa akiwa kwenye kiti, anakula mahindi. Afrika Kusini wanalijua somo hili: Boesmansgat, shimo lililoko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, lilimuua Deon Dreyer mwaka 1994, na Januari 2005 likamuua Dave Shaw aliyekwenda kuuchukua mwili wake.

Na chini huko angeona nini? Watafiti kutoka Ufaransa waliotoboa sakafu ya ziwa hili kusoma mvua za kale walipata tope la zaidi ya mita 30, lililojikusanya kwa zaidi ya miaka 40,000. Ni chini ya milimita moja kwa mwaka. Miaka tangu 1916 ingefunika sarafu kwa upana wa kiganja, na sarafu haingengoja kufunikwa, ingezama yenyewe kwenye uji. Mwanga haufiki vizuri. Yule bwana alisema amekiona chuma. Nadhani aliona giza, akalipa jina.

Kuna waliozama baada yake na wakaona kweli. Mwaka 2011 wataalamu wa samaki, wakiwamo Martin Genner na George Turner wa Uingereza na Benjamin Ngatunga wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, walifanya kazi kwenye maziwa ya kreta ya Rungwe. Masoko walikuta jambo ambalo nyavu za ufukweni haziwezi kukueleza, maana nyavu haziulizi samaki anaishi kina gani. Kwa kuzama na mitungi na kukamata kwa kina kinachojulikana, waliona madume wa kando ni wa manjano, na walioko zaidi ya mita 20, kwenye mwanga hafifu, ni wa bluu iliyoiva kuelekea weusi. Jina lao la kisayansi ni moja, Astatotilapia calliptera. Lakini taya si zilezile, chakula si kilekile, umbo si lilelile. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science Desemba 2015, baada ya kusoma vinasaba kamili vya samaki 146: walikuwa wameanza kuachana kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita, na sehemu 98 za vinasaba vyao zilionyesha wazi mpaka unaochorwa. Watu wachache duniani wamewahi kushika jamii mbili zikiwa katikati ya kuwa mbili. Mimi nimekulia hapo nikila samaki hao na mbalaga bila kujua.

Nilimweleza baba mdogo yote haya Desemba iliyopita, tumekaa barazani, mvua inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nirudie baadhi ya maneno. Nilimchorea ziwa kwenye karatasi, nikaweka manjano juu na bluu chini.

"Huyo wa bluu anauzwaje?" akauliza.

"Hauzwi, baba. Ni wa kusoma."

"Waliomkuta walilipwa?"

Nikasema walilipwa mishahara, nadhani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Kisha akauliza lake, nami safari hii nilikuwa na hesabu mkononi.

"Mtungi mmoja ungefika, mwanangu?"

"Ungefika."

"Na angerudi?"

"Angerudi, kama asingekaa."

Akanyamaza. Nilijua anamhesabu ng'ombe wa pili. Nikataka kumwambia kuwa huenda yule bwana hakudanganya lote. Kwamba Rungwe hapakuwa na kompresa ya kujazia, kwamba akishautumia mtungi ule mara moja ulikuwa umeshakwisha na wa pili ungehitajika kweli, hata wa kushuka tena mita kumi. Ni kweli, na nilimwambia. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeuza ng'ombe.

Mama mdogo alitoka na chai. Baba mdogo akapokea kikombe, akakielekezea kwenye banda.

"Huo hapo. Kule kwenu Zanzibar si wanajaza?"

"Huo haujazwi tena, baba. Umekaa miaka mingi bila kupimwa, na ndani kutu. Ukijazwa unaweza kupasuka ukaua mtu."

Akanywa chai.

"Basi uache," akasema. "Kuku wameuzoea."